Wanaoitwa Kambale Paluku Wasimame

Doyen, mkuu wa faculté, amenipigia simu. Faculté yetu ya sheria hapa Butembo inafanya jubilei, na kuna kijitabu kinatengenezwa, chenye picha za rangi. Akaniomba mimi, mzee wa nyumba aliyekwisha kupumzika, niandike kurasa chache juu ya mafanikio ya wanafunzi, ya walimu na ya wale waliomaliza. "CT," akaniambia, maana mji mzima bado unaniita hivyo, chef de travaux, mwalimu wa kazi za vitendo, hata kama kazi zenyewe nilikwisha kuziacha. "CT, andika kitu cha kutia batoto moyo. Usianze maneno yako."

Basi ninaanza maneno yangu.

Ninawaandikia ninyi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu ninyi hamjaharibika sana. Mkiingia kwenye jengo la faculté, mkono wa kuume kuna kabati la vioo. Ndani mna vikombe vya mashindano ya kutetea kesi. Ni kesi za kutunga, ambazo hakuna mtu aliyefungwa ndani yake wala aliyefunguliwa. Vikombe vinapanguswa vumbi kila wiki. Chumba cha msaada wa sheria, ambako mama mwenye shida ya kweli anakuja kukaa kwenye benchi, kiko nyuma, karibu na choo, na mvua ikinyesha maji yanaingia. Mkitaka kujua faculté inapenda nini, msisome kijitabu. Angalieni paa.

Mafanikio nimeyaona, msiseme sikuyaona. Nimeona vijana wanasikia matokeo asubuhi, na kabla ya saa sita wamekwisha kumwagiwa poda kichwani mpaka wanafanana na mikate, moto, pikipiki zetu, zinapiga honi kutoka mjini mpaka Bulengera, na kesho yake kadi imechapishwa: Maître Fulani, yaani wakili. Maître wa nini? Hajala kiapo, hajashika faili, hajui kama mlango wa mahakama unasukumwa au unavutwa. Nimeona mwalimu mgeni anashuka na ndege Beni, anapanda gari mpaka kwetu, anamaliza kozi nzima ya procédure, taratibu za mahakama, kabla shati alilofulisha halijakauka, kisha mwaka ujao anaturudia na mizaha ile ile. Wanafunzi walimwita Courant, yaani umeme, kwa sababu alikuwa anafika ghafla, anawaka, anakatika. Nimeona kazi za mwisho wa masomo zilizotoka kwenye simu zima zima. Mmoja alikuwa anaandika juu ya ugomvi wa mashamba ya Oicha, na katikati ya ukurasa mashamba yakahamia Senegal. Alipata distinction. Jury ilisema kijana ana macho ya kimataifa.

Mimi kazi hii nilifundishwa na mtu ambaye hakuwa na kadi. Mzee Balthazar alikuwa mtetezi mahakamani tangu wakati wa mashine za kuandikia. Msimfanye mtakatifu. Alikuwa mkali, alinusa tumbaku hata mbele ya juge, hakimu mwenyewe, na alidharau kila mtu bila ubaguzi. Hiyo dharau ndiyo urithi wangu. Siku moja tulikuwa na kesi ya kiwanja upande wa Bulengera. Mtetezi wa upande mwingine, kijana mwenye joho jipya, alieleza kwa Kifaransa kinachong'aa kwamba mpaka wa kiwanja ni kijito, na kwamba kijito ni shahidi ambaye hakuna mtu anaweza kumnunua. Watu wakapendezwa, hata juge alitikisa kichwa kukubali. Mzee Balthazar akasimama, akaomba kitu kimoja tu: twende tuone. Tukaenda sote kwa miguu, juge mbele, watu wa mtaa nyuma. Tulipofika, kijito hakipo. Kilikuwa kimehamia ng'ambo ya migomba tangu mvua kubwa zilipobomoa mlima, na kila mtu wa pale alijua, isipokuwa yule aliyekiita shahidi.

"Shahidi wako alihama, Maître," mzee alimwambia, basi.

Njiani kurudi akaniambia: "Kwanza miguu, nyuma mudomo. Ukianza na mudomo, miguu itaenda kuomba musamaha."

Ndiyo maana mimi, nilipokuwa ninafundisha kazi za vitendo, niliwatoa wanafunzi darasani. Niliwapeleka mahakamani, gerezani, sokoni. Wengi walikuja na viatu vyeupe. Waliniuliza kama hiyo itakuja kwenye mtihani.

Sasa niwaambie habari ya wawili kati yao, wa darasa langu la mwisho.

Wa kwanza ni Trésor, mtoto wa mwenye duka la mabati. Kijana mzuri, mrefu, sauti kama ya redio. Alimaliza na grande distinction. Kilatini alikisema kama vile alinyonyeshwa nacho. Wa pili ni Zaituni Katungu, binti wa mwenye lori, familia ya Waislamu wa Mulekera kule Beni. Alikulia kwenye kabini, kati ya Beni na mpaka, akimsikia baba yake anaongea na askari wa bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, na makanika, na mama wauza ndizi, kila mmoja kwa lugha yake. Alimaliza na satisfaction, ile alama ya watu wanaopita mlangoni kwa ubavu. Kwenye mashindano ya kutetea hakuchaguliwa hata kubeba maji. Mwalimu mmoja aliandika kwamba anatetea kama mtu anayepatana bei ya nyanya. Wote wawili walikula kiapo, wakaanza kazi Beni kama avocats, mawakili, wa kujifunza, na wote waliendelea kusaidia kwenye kile chumba chetu cha nyuma.

Trésor aliporudi na kombe kutoka mashindano makubwa ya avocats vijana, faculté ilisimama. Fanfare ilitoka mpaka barabarani. Doyen alivaa joho na jua lote lile. Kesi ya kutunga aliyoshinda ilikuwa juu ya mtu asiye na kosa aliyefungwa, na wanasema watu wa jury walifuta machozi.

Siku hiyo hiyo, wakati tarumbeta zinapita, mama mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma. Alitoka Beni kwa moto, vumbi mpaka kwenye kope. Jina lake Masika. Alikuwa mkimbizi wa vita kutoka karibu na Oicha, sasa anauza sombe, majani ya muhogo, Mulekera. Bwana yake, mlimaji wa kakao, alikuwa gerezani tangu msimu wa mavuno uliopita. Alinieleza, nikamwita Trésor, kwa sababu doyen alikwisha kuamuru kwamba kesi yoyote ya maana iende kwa champion. Zaituni akapewa kuwa msaidizi wake.

"Bwana yako anaitwa nani?" Trésor aliuliza, kombe likiwa bado mezani.

"Kambale Paluku."

"Na anashitakiwa nini?"

"Banasema alionyesha waasi njia. Ile siku baliua batu." Mama akatazama chini. "Haiko yeye. Ile siku tulikimbia pamoja."

Ninyi wa hapa mnajua jambo ambalo mgeni hajui. Kwetu Wanande, jina linafuata zamu ya mtoto kufika tumboni mwa mama yake. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Paluku ni wa kwanza, na wakati huyo wa kwanza anakuwa baba au babu, jina lake linarudi nyuma ya jina la mtoto. Ukisimama Butembo sokoni ukaita Kambale, nusu ya wanaume watageuka. Ukiita Kambale Paluku, bado utakuwa na watu wa kutosha kujenga kanisa. Sasa mtu mmoja mwenye jina hilo alikuwa anatafutwa kwa kosa kubwa, mbele ya mahakama ya kijeshi, kosa ambalo adhabu yake inaweza kuwa kifo. Na mlimaji wa kakao akapita bariyeri na karta yake ya utambulisho mkononi.

Tulienda gerezani Beni, wote watatu. Trésor alimpa mfungwa mkono, akamweleza kwa Kifaransa kwamba kila mtu hana kosa mpaka mahakama iseme, kisha simu yake ikalia, akatoka nje kupokea pongezi. Zaituni alichuchumaa. Hakuuliza habari ya kesi. Aliuliza kama kakao ilikuwa imeiva siku walipomkamata, na ni nani anaichuma sasa. Yule mtu mzima, ambaye hakulia mbele ya basoda, wale askari, alilia kwa kakao. Alipokwisha kupangusa uso, alisema yote bila kuvutwa.

"Nilikuwa nakwenda kuuzisha Beni. Ku bariyeri, soda anaangalia karta, anaangalia miye, anasema, Kambale Paluku, tunakutafuta. Miye nikafurahi. Nilizani kuko ndugu ananitumia salamu."

"Kuko mutu mwenye alikuona ku ile mauaji?" Zaituni akamuuliza.

"Banasema kuko mama moya. Alisikia waasi banaita jina."

"Ule mama alikuja kukuangalia hapa?"

"Hapana. Hakuna mutu alikuja kuniangalia. Ni wewe wa kwanza."

Hapo ndipo kesi ilikuwa. Mtu alifungwa kwa jina lililosikiwa, na yule aliyelisikia hakuwahi kuletwa kuona sura. Nilimtazama Zaituni, naye alikuwa amekwisha kuona. Trésor alirudi akauliza kama tumemaliza.

Kikao cha kwanza kilifanyika Beni. Trésor alitetea. Nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Aliwataja waandishi wa sheria wa Ulaya, akapanda, akashuka, akanyamaza mahali pa kunyamaza, akamaliza na Kilatini. Mkuu wa mahakama, major mmoja mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu vita ianze, alikuwa anachora kitu pembeni mwa karatasi. Mshitakiwa aliinama kwa Zaituni.

"Anasema nini?"

"Anasema hauna kosa."

"Juu ya nini anachukua murefu vile?"

Mashahidi hawakuwapo, kesi ikaahirishwa, na ikasemekana kikao kitakachofuata kitakuwa Oicha, karibu na mahali pa mauaji, ili wananchi waone haki inavyofanya kazi. Nje, wanafunzi tuliokuja nao walimzunguka Trésor wakimpongeza. Mama Masika alisimama pembeni na sahani ya chakula aliyoileta, akingoja mtu amwambie kama wameshinda.

Sasa sikilizeni namna kazi inavyofanywa, maana hii hamtaipata kwenye syllabus. Zaituni alikwenda Oicha kabla ya kikao, kisha akaenda tena. Alikaa na wauza kakao, na wenye moto, na mama wa kanisa, na Waislamu wa msikiti wanaomjua baba yake. Hakwenda kutafuta mashahidi wa kusifu tabia. Mashahidi wa tabia njema ni chumvi kwenye chai. Alikuwa anauliza kitu kimoja: wewe unaitwa nani? Na akikutana na yule anayemtaka, alimwomba avae vizuri aje kikaoni.

Alinieleza mpango wake nyumbani kwangu. Trésor alikuwapo.

"Hiyo haiko droit, haiko sheria," Trésor akasema. "Hiyo iko théâtre."

"Na ile yako ya Beni ilikuwa nini?" Zaituni akamjibu, kwa sauti ya chini, akikoroga chai yake.

Mimi pia niliogopa. Nilimwambia kwamba mahakama ya kijeshi si soko, na kwamba major anaweza kukasirika na hasira yake ikaangukia mfungwa. Zaidi ya hayo kulikuwa na jambo baya kuliko hasira. Alitaka shahidi aletwe kuona sura, na mama yule amefiwa, ana uchungu, ameambiwa kila siku kwamba mwuaji amekamatwa. Akimwonyesha Kambale kidole kwa uchungu tu, mambo yamekwisha.

"Papa CT, ninajua," akasema. "Nilimuuliza Kambale mwenyewe. Alisema ule mama aje. Alisema kama yeye ni mutu wa kweli, na mama ni mutu wa kweli, baonane."

Trésor hakuja Oicha. Alialikwa Kinshasa kuonyesha kombe.

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa paroisse, parokia ya pale, madirisha yamejaa vichwa. Major aliketi kati ya wasaidizi wake, mwendesha mashitaka upande wa kulia, capitaine kijana mwenye sauti kali. Zaituni aliomba kwanza mshitakiwa abadilishe nguo za gereza avae shati lake. Major akauliza sababu. Akasema: "Mon Président, juu ya heshima ya kikao." Akakubaliwa. Ni ombi dogo, na wakubwa wanapenda kutoa vitu vidogo. Andikeni hilo.

Capitaine alisoma mashitaka. Kambale Paluku, mlimaji, wa Oicha, aliitwa kwa jina na waasi, jina likasikiwa. Zaituni aliposimama nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi kama mtu aliye ndani ya lori lisilo na breki.

"Mon Président, ninaomba mutu yote ndani ya hii salle, mwenye anaitwa Kambale Paluku, asimame."

Kisha nyuma kabisa mzee mmoja akasimama, kofia mkononi. Akasimama mwenye moto aliyevaa gilet, kizibao chake cha kazi. Mwalimu wa shule ya msingi. Katekista wa palepale paroisse. Vijana wawili waliokuwa wanauza maandazi mlangoni wakaingia, wakasimama. Dirishani mtu akainua mkono akasema hawezi kuingia lakini na yeye ni vile vile. Watu wakaanza kucheka, na capitaine akapinga, akasema huku ni kuchezea mahakama. Major alikuwa anainua nyundo yake, kisha akaona kitu, mkono ukabaki juu. Karibu na mlango, polisi mwenye kazi ya kulinda mshitakiwa alikuwa amesimama wima. Kusimama ni kazi yake, lakini sasa alikuwa amevua kofia.

"Na wewe?" major akamuuliza.

"Ndiyo, mon Major. Hata miye."

Kicheko kilipotulia, Zaituni aliendelea bila kupandisha sauti. Alisema hawa wote wangepita bariyeri siku ile wangefungwa, na mmoja wao angekuwa amekaa pale anapokaa mteja wake. Akaomba wote, pamoja na mshitakiwa, wasimame mstari mmoja ukutani, na mama aliyesikia jina aitwe.

Major aliweka nyundo chini. "Aitwe," akasema.

Mama huyo nitamwita Kanyere. Mauaji yale yalimchukulia mume na kaka. Aliingia na kitenge cha msiba, mwembamba, anatembea kama mtu anayebeba maji yasimwagike. Alielezwa kwa Kinande kwamba aangalie watu hawa, na kama yule aliyemwona anawaonyesha waasi njia yuko kati yao, amguse. Hakuna aliyemwambia nani ni mfungwa.

Alianza mwanzo wa mstari. Alisimama mbele ya kila mmoja na kumtazama usoni, siyo kwa haraka. Mwalimu wa shule alitazama juu. Mbele ya Kambale wetu alisimama kama alivyosimama mbele ya wengine. Kambale hakuinamisha kichwa. Kanyere akaendelea. Alimtazama hata polisi. Alipofika mwisho alirudi katikati ya ukumbi.

"Hayumo," akasema.

Capitaine akamwambia aangalie tena vizuri.

"Niliangalia. Ule alikuwa na kovu hapa," akagusa shavu lake chini ya jicho, "na alikuwa karibu yangu kama wewe. Haiko hata moya wa hawa." Kisha akageuka kwa major, na sasa sauti yake ilibadilika. "Kila mara muliniambia ule mutu amekwisha kamatwa. Miye nilianza kulala. Donc siku zote nilikuwa nalala, na yeye anatembea?"

Hakuna aliyecheka tena. Major akaandika. Sisi wote, watu wa sheria, tulikuwa tunatazama sakafu. Ndiyo kitu ambacho hakuna Kilatini chake: ukimfunga asiye na kosa, umemfungulia mwenye kosa, na mjane umemdanganya alale.

Hukumu ilitoka baadaye, Kambale akaachiliwa. Sasa njooni mwone mafanikio.

Faculté ilifanya sherehe. Bendera kubwa ilitundikwa mlangoni: ushindi wa faculté yetu. Picha ya doyen, picha ya Trésor na kombe, chini yao nembo. Kambale aliletwa kutoka Beni na shati la kuazima, akapandishwa jukwaani kama ng'ombe wa maonyesho. Doyen alisema kwa muda mrefu juu ya ubora wa mafundisho, akataja walimu, na hata Courant akasifiwa, yeye ambaye hajui Oicha iko upande gani. Mwisho akanyosha mkono kwa mgeni: "Na huyu ndiye ndugu yetu Kasereka, ambaye faculté imemwokoa."

"Kambale," mgeni akasema, taratibu.

"Pardon?"

"Miye iko Kambale. Ile ingine itanirudisha mule ndani."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na doyen akacheka pia, kwa sababu hakuelewa. Trésor hakucheka. Alishuka jukwaani kabla ya wakati, akaja kukaa karibu nami, akaniuliza Zaituni yuko wapi. Nikamwambia yuko Oicha kwa Mama Kanyere. Mama anataka mwenye kovu atafutwe, hakuna mtu anayemsimamia, na Zaituni amemchukua. Trésor alitazama picha yake kwenye bendera. "CT," akasema, "ile plaidoirie yangu, kule kutetea kwangu Beni, sikumbuki hata neno moja." Nikamjibu kwamba hayuko peke yake. Baada ya wiki chache nilisikia alikwenda kumwomba Zaituni amchukue kwenye kazi zake za miguu. Yuko kule mpaka leo, viatu vyake vimekuwa vya rangi ya barabara. Simsifu bado.

Kijitabu kitawaonyesha vikombe. Mimi ninawapa siku ambayo Kambale alitoka gerezani, kwa sababu nilikuwapo na mpiga picha wa faculté hakuwapo.

Hakutaka kwenda kwanza nyumbani Mulekera. Alitaka kuona kakao yake, kama ingali hai. Zaituni alitafuta taxi, tukapanda, yeye, mimi, Kambale na Mama Masika, tukashika njia ya Oicha. Kambale alikaa dirishani. Tulipokuwa tunakaribia bariyeri, akageuka nyuma.

"Dada Zaituni. Hii jina, unaweza kunibadilishia? Ku batizo miye ni Mathieu. Baniite Mathieu tu. Ile ingine uitoe ku karta."

Zaituni alikuwa na jibu la sheria, namna ya kwenda kwa tribunal, namna ya kuomba. Nililiona linamfika mdomoni. Alilimeza.

"Kama unataka, nitafanya," akasema. "Utaniambia kesho."

Kwenye bariyeri kila mtu anashuka, anapita kwa miguu na karta mkononi. Tukashuka. Ilikuwa bariyeri ile ile. Kambale alikuwa mbele yetu, mgongo wa shati umelowa. Soda alipokea karta, hakuisoma, akamtazama mtu.

"Jina?"

Mama Masika alifumba macho. Zaituni alipiga hatua mbele, kisha akasimama, mikono nyuma. Nilitaka kusema mimi. Nimefundisha watu kusema maisha yangu yote, na pale nilinyamaza.

"Kambale Paluku," mwenyewe akasema.

"Ya wapi?"

"Ya hapa. Ya Oicha."

Soda akaangalia karta, akaangalia uso, akairudisha. "Pita, papa."

Alipita. Upande wa pili akakaa kwenye majani kando ya barabara, karta kifuani, na Mama Masika akaenda kukaa karibu naye bila kumshika. Dereva alipiga honi. Zaituni akamfanyia ishara azime gari, naye akazima, na tukangoja mpaka Kambale alipoweza kusimama mwenyewe.